Kipima mkondo cha vikombe: misimu mitatu juu ya mto ulioganda

Nimekitumia kifaa hiki misimu mitatu ya baridi mfululizo, na sasa naweza kukisemea bila kubahatisha. Ni kile kipima mkondo cha zamani chenye vikombe 6 vinavyozunguka kwenye ekseli iliyosimama, muundo alioubuni mhandisi William Gunn Price mwaka 1882 na ambao haujabadilika sana tangu hapo. Changu ni kile kikubwa, gurudumu lake lina upana wa sentimita 12.7. Nilikinunua pamoja na fremu ya msimu wa baridi, ile fupi isiyo na mkia, kwa sababu lazima ipite kwenye tundu la barafu la sentimita 20.

Kama mto wako haugandi, una vifaa vingi vya kuchagua na mimi si mtu wa kukushauri. Hapa nawaandikia wanaosimama juu ya mto kwa miguu yao, maji yakipita chini ya barafu, na mtu ofisini anasubiri kuambiwa ni mita ngapi za ujazo zinapita kwa sekunde.

Kwanza nieleze kwa nini mtu ahangaike kutoboa barafu wakati ubao wa kupimia kimo cha maji upo palepale ukingoni.

Mto ulio wazi una utaratibu wake. Maji yakipanda kwenye ubao, yanayopita ni mengi; yakishuka, ni machache. Ukishapima mara za kutosha unachora mstari mmoja unaooanisha kimo na kiasi cha maji, na kuanzia hapo unasoma kimo tu, mstari unakupa jibu. Barafu ikishafunika, mstari ule haufai tena. Utaona maji yamepanda kwenye ubao siku ambayo yanayopita yamepungua.

Sababu yake ni msuguano. Maji ya mto ulio wazi yanasuguana na sakafu na kingo, lakini juu yake kuna hewa tu, na hewa haiyazuii kitu. Ndiyo maana kasi kubwa huwa karibu na uso. Barafu ikitanda, maji yanapata sakafu ya pili iliyogeuzwa juu chini. Kwenye mto mpana, eneo la kusuguana linakaribia kuongezeka maradufu. Kasi kubwa inakimbia uso, inakwenda kujificha katikati ya kina. Ukichukua kanuni ya kukokotoa kasi ya mkondo, ile ya Robert Manning, yule mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889, ukaipa barafu ukwaru sawa na wa sakafu na mteremko usiobadilika, hesabu inatoka hivi: kwa kina kilekile cha maji, mto wenye barafu unapitisha asilimia 63 tu ya yale uliyokuwa ukipitisha wazi. Na ukitaka upitishe kiasi kilekile, maji hayana budi kuongeza kina kwa asilimia 32. Bado hujahesabu barafu yenyewe, ambayo asilimia 92 ya unene wake imezama na inakula nafasi yake.

Nilikuwa nayajua haya kwa makaratasi. Kifaa hiki ndicho kilichonifanya niyaamini. Katika wiki yangu ya tatu nacho, ubao ulisoma mita 1.42. Mstari wa kiangazi ulidai kwamba kimo hicho ni mita za ujazo 31 kwa sekunde. Tulitoboa matundu 22, tukashusha vikombe tundu baada ya tundu, tukajumlisha jioni tukiwa ndani ya gari. Jibu lilikuwa 11.6. Nilirudia kujumlisha mara mbili. Mwenzangu, mtu mzima aliyepima mito tangu mimi sijaanza shule, aliitazama karatasi akasema, "Mwanangu, andika hiyo. Ubao unapima kimo, haupimi mto."

Hebu nikupeleke kwenye tundu moja, la 9, upate kuona kazi yenyewe ilivyo.

Unatoboa kwa keke. Barafu ikipasuka mwishoni, maji yanapanda ndani ya tundu na kusimama karibu na uso wa barafu, chini yake kidogo. (Yakifoka na kumwagika juu, ujue barafu imebanwa kingoni na maji yana shinikizo chini yake. Sogea, subiri yatulie, ndipo upime.) Unashusha ufito wenye ncha iliyopinda, unauvuta juu taratibu mpaka unase kwenye tumbo la barafu. Tundu la 9: kutoka uso wa maji hadi tumbo la barafu sentimita 54, kutoka uso wa maji hadi sakafu mita 1.90. Kwa hiyo kina chenye mkondo ni mita 1.36 tu, na hicho ndicho unachokigawa. Sehemu 2 ya 10 ya kina hicho ni sentimita 27, sehemu 8 ni mita 1.09. Unaongeza zile 54 za barafu, unapata alama zako mbili kwenye fimbo: mita 0.81 na mita 1.63 chini ya uso wa maji.

Unashusha vikombe hadi alama ya kwanza. Unavaa spika za masikioni. Tik. Tik. Kila mzunguko mlio mmoja. Unaanza saa kwenye mlio, unaizima kwenye mlio, na hukubali chini ya sekunde 40. Juu nilipata mizunguko 21 kwa sekunde 50, chini mizunguko 17 kwa sekunde 50. Kwa gurudumu hili, mzunguko mmoja kwa sekunde ni takriban sentimita 68 kwa sekunde, hivyo juu ni kama sentimita 29, chini kama 23, wastani 26. Matundu yetu yalikuwa na nafasi ya mita 2 kati yake. Zidisha mita 2 kwa kina cha 1.36 kwa kasi ya 0.26: tundu la 9 peke yake lilichangia kama mita za ujazo 0.7 kwa sekunde. Halafu unahamia la 10.

Pale ambapo kina chenye mkondo hakifiki sentimita 75 hivi, alama mbili hazitoshei. Unapima mara moja tu, kwenye sehemu 6 ya 10, kisha unazidisha kwa 0.92. Kwenye mto ulio wazi kipimo hicho cha sehemu 6 unakichukua kama kilivyo. Hiyo 0.92 ni gharama ya dari. Mtu akiisahau, vipimo vyake vya ukingoni vyote vinazidi, na sijui ni karatasi ngapi nimezisahihisha kwa kosa hilo hilo.

Sasa nikiseme kifaa chenyewe. Ninachokipenda zaidi ni ule mlio. Hakuna skrini ya kuganda, hakuna programu ya kusasisha, na betri inayohitajika ni ndogo mno, kazi yake ni kutoa mlio tu. Mkondo ukiwa safi, milio inakuja kwa mwendo mmoja kama hatua za mtu asiye na haraka. Mkondo ukivurugwa na kitu, milio inajikwaa. Baada ya msimu mmoja masikio yako yanaanza kuujua mto, na unaweza kusema "hapa pana kitu" kabla hujaandika namba yoyote.

Hivyo ndivyo nilivyolipata tundu la 14, mwezi wa pili wa msimu uliopita. Usiku wake baridi ilikuwa kali na anga jeupe, na kilometa chache juu yetu kuna maporomoko ambayo hayagandi. Mahali kama hapo maji yanachafuka kiasi kwamba baridi inaingia mpaka sakafuni, yanapoa chini ya nyuzi 0 kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi, na ghafla yanajaa chembe za barafu. Chembe hizo zikiwa changa zinanata kwenye kila kitu: mawe ya sakafuni, vyuma, kamba. Mkondo unazisukuma chini ya barafu nzima, na pale unapopungua nguvu zinatua, zinarundikana, zinakuwa kama ukuta wa bwawa unaoning'inia kutoka kwenye dari. Ukiwa juu huoni lolote. Theluji imetandikwa vizuri, mto umelala.

Nilishusha vikombe kwenye tundu la 14, kimya. Nikadhani waya umekatika. Nikapandisha, nikazungusha kwa kidole: tik, tik, nzima kabisa. Nikashusha tena, kimya mpaka mita 1.10, kisha ghafla milio ikaanza kwa kasi ambayo sikuwa nimeisikia siku nzima. Uji wa barafu ulikuwa umejaza zaidi ya nusu ya kina, na maji yote ya sehemu ile yalikuwa yakijipenyeza kwenye mwanya uliobaki juu ya sakafu. Hapo kuna mbinu kila mwenye kifaa hiki aijue: shusha vikombe mpaka vizunguke vizuri, kisha vipandishe polepole mpaka visimame. Vinaposimama ndipo tumbo la uji lilipo. Kina chako unakianzia hapo, na ule uji unauhesabu kama barafu. Hakuna ufito utakaokuonyesha mpaka huo kwa usahihi kama vikombe vinavyonyamaza.

Kwa hali ya namna hiyo nunua gurudumu la pili, lile la plastiki ngumu lililofinyangwa zima. Vikombe vya chuma viko wazi nyuma, uji unaingia na kukaa, gurudumu linakuwa zito na unasoma kasi ndogo kuliko iliyopo. La plastiki halishiki uji hivyo. Lakini kila gurudumu lina mlinganyo wake wa kugeuza mizunguko kuwa kasi, usije ukavichanganya.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa.

Kifaa kinaganda kikitoka majini. Si baada ya robo saa, ni mara moja. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, utando wa maji kwenye ekseli unakuwa barafu kabla hujafika tundu linalofuata. Na usidhani kukirudisha mtoni kutakisaidia. Maji ya mto yana nyuzi 0 kamili, hayana joto la kukupa. Chuma kilichopoa hewani kikizama kinajiongezea barafu. Msimu wa kwanza niliingiza kosa hili kwenye kipimo kizima. Kuanzia tundu la 6 vikombe vilikuwa vikizunguka kwa uzito, milio ikija pole, na mimi nikiandika kwa uaminifu kila nilichosikia. Niligundua ukingo wa pili nilipovizungusha kwa mkono vikasimama baada ya sekunde 20. Vikavu na visafi vinazunguka zaidi ya dakika 2. Tulirudi tukaanza upya, jua likiwa limeshaegemea.

Siku hizi kifaa kinasafiri kwenye sanduku lenye chupa mbili za maji moto, hakitoki mpaka tundu la kwanza liwe tayari na uji umeshachotwa. Tunatoboa matundu kadhaa mbele, kisha mmoja anahama na kifaa kwa haraka, anakizamisha na kukiacha chini ya maji wakati mwingine anasoma ufito. Ndoo ya maji ya moto inafuata kwenye kitoroli. Nazungusha vikombe kwa mkono kila tundu la tatu. Kwa utaratibu huo tunamaliza matundu 22 kwa saa nne hivi, na sijapoteza kipimo tangu hapo. Lakini kitabu kilichokuja na kifaa hakikuwa na hata mstari mmoja juu ya haya, ilhali waliouza walijua naagiza fremu ya baridi. Niliwaandikia. Walijibu kwa adabu na kunitumia kitabu kilekile.

Kasoro ya pili ni kwamba vikombe havijui upande. Maji yakija mbele vinazunguka, yakirudi nyuma vinazunguka vilevile, kwa upande uleule. Kwenye mto ulio wazi unauona mzunguko wa maji kwa macho, lakini chini ya barafu huoni. Karibu na kingo, nyuma ya mawe makubwa na nyuma ya marundo ya uji, maji hurudi nyuma, na kifaa hiki kitayajumlisha kana kwamba yanashuka. Mimi nafunga utepe mwekundu kwenye ufito na kuushusha kwanza. Maji ya baridi mara nyingi ni maangavu, utepe unaonekana vizuri. Ni dawa ya kienyeji, lakini inafanya kazi.

Ya tatu, mkondo mdogo sana haukipendi. Chini ya sentimita 6 hivi kwa sekunde milio inakuwa ya kubahatisha. Hili lina uzito kwa sababu mwisho wa baridi mito mingi inaishi kwa maji ya chemchemi na ya ardhini tu, theluji yote ikiwa imelala juu bila kuyeyuka. Mkondo unakuwa dhaifu wakati ambao watu na samaki wanautegemea zaidi. Hapo tunachagua mahali pembamba, penye mwendo, hata kama ni kutembea kilometa mbili zaidi.

Wengi mtauliza kuhusu vipimo vya sauti, vile vinavyopiga mawimbi majini na kusikiliza mwangwi. Nimevitumia vya kuazima. Kwa mto mpana, wenye kina na maji yasiyo na uji, vinakupa kasi ya kina kizima kwa mara moja na vinajua upande, jambo ambalo vikombe haviwezi. Lakini vina eneo la upofu karibu na kichwa chake na karibu na sakafu, na kina chako kikiwa mita 1.36 hayo maeneo mawili yanakula sehemu kubwa ya mto. Ningekuwa na mto wa kina cha mita 6 ningekuwa naandika tathmini nyingine. Kwa mto mdogo na wa kati, vikombe.

Na kuna nyakati mbili ambazo hakuna kifaa cha kushusha kwenye tundu kitakachokufaa, kwa kuwa huwezi kusimama pale. Moja ni mwanzoni, mto unapoganda. Huo ndio wakati wenye mambo mengi zaidi, kwa sababu maji yanabaki nyuma, mengine yakigeuka barafu, mengine yakijaza mto upande kina kipya, na walio chini wanaona mto umepungua ghafla bila ukame wowote. Mwezi Machi 1848 barafu ya Ziwa Erie iliziba mdomo wa Mto Niagara na maporomoko yake yakanyamaza, watu wakatembea kwenye sakafu ya mto. Nyingine ni mwishoni, barafu inapovunjika na kurundikana. Mwezi Mei 2001 rundo la namna hiyo kwenye Mto Lena liliuzamisha mji wa Lensk, Urusi. Nyakati hizo kaa ukingoni, soma ubao, piga picha, na usiuamini mstari wa kiangazi. Sisi tuna sheria: barafu angavu chini ya sentimita 10 hatuikanyagi, ile nyeupe iliyochanganyika na theluji tunataka iwe maradufu ya hapo, na anayetangulia anapiga mtaimbo kila hatua. Unene hubadilika ndani ya mita tano, hasa pale mkondo unapoilamba barafu kwa chini.

Nakipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeiondoa kwa ajili ya kuganda hewani na kitabu kisichosema. Kwa uaminifu wa kipimo, kikitunzwa, sina malalamiko. Msimu huu wa tatu vipimo vyetu 6 vya barafu vimekaa kwenye mchoro bila kurukaruka, vikishuka taratibu kutoka mwezi hadi mwezi kama mto wa chemchemi unavyopaswa kushuka, huku ubao ukipanda na kushuka kwa mambo yake.

Ukinunua, agiza na ncha mbili za akiba za ile pini inayobeba gurudumu. Ni ndogo kuliko punje ya mchele, inasagika bila kuonekana, na ukiwa na glavu itakuponyoka kwenye tundu siku ya kwanza. Ibadilishe ndani ya gari, juu ya kitambaa cheupe, mlango umefungwa.